Epo la kijani na mti unaohitaji kulala: Hombolo inaweza kuzaa Granny Smith?

Julai iliyopita nilipita Hombolo kumsalimia mama mdogo. Kwa ambaye hajafika, Hombolo ipo kama kilomita 40 kaskazini mashariki mwa jiji la Dodoma. Kuna bwawa lililojengwa enzi za mkoloni, mwaka 1957, kuna Chuo cha Serikali za Mitaa, kuna kituo cha utafiti wa kilimo kinachojulikana kwa mtama, na kuna zabibu. Zabibu hasa. Mama mdogo ana nusu ekari yake.

Sikwenda mikono mitupu. Pale stendi nilinunua maepo manne ya kijani, yale machachu yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Tulipomaliza kusalimiana alichukua moja, akalikata vipande, akanyunyizia chumvi na pilipili kama tunavyofanya kwa embe bichi, akala huku amefumba jicho moja. Halafu akaniita nyuma ya nyumba. Kulikuwa na miche 12 kwenye viriba vyeusi, imepangwa kivulini.

"Mwanangu, si wewe uliyesomea mimea? Aliyeniuzia kasema ni maepo haya haya ya kijani, yanazaa kokote. Zabibu msimu huu wanunuzi wametuzungusha. Nikiing'oa mizabibu nikapanda hii, itanilipa?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia anipe wiki mbili. Makala hii ndiyo jibu lake, nimelirefusha kidogo kwa ajili yako msomaji, kwa sababu swali lake ni kubwa kuliko linavyoonekana. Ndani yake kuna bibi mmoja wa Australia, kuna kisa cha tawi lililotolewa nje ya kioo, kuna wakulima wa Java, na kuna kitu ambacho watu wa Dodoma wanakifanya kila mwaka bila kukipa jina la kisayansi.

Kwanza, tufaa lipi?

Neno tufaa tumelipata kutoka Kiarabu. Lakini ukienda soko la Darajani Unguja ukaomba tufaa, unaweza kupewa tunda jekundu au jeupe lenye maji mengi na harufu kama ya waridi. Hilo ni ndugu wa karafuu na zambarau, asili yake Asia ya kusini mashariki. Watu wa pwani walilipa jina la tunda walilolisikia kwa Waarabu. Kwa hiyo tufaa la kwetu la pwani na tufaa la dukani ni majirani kwa jina tu, kwa damu hawajuani.

Tufaa la dukani, ambalo mtaani tunaliita epo, ni ndugu wa waridi na peasi. Kwao ni milima ya Tian Shan, huko Kazakhstan na nchi jirani, ambako bado kuna misitu ya matufaa mwitu. Mtaalamu wa mimea wa Urusi, Nikolai Vavilov, alifika Almaty mwaka 1929 akaona misitu hiyo, akaamini hapo ndipo tunda hili lilipozaliwa. Uchunguzi wa jeni uliofanyika katika karne hii umempa haki. Shika jambo moja kuhusu milima hiyo: majira yake ya baridi ni makali, theluji inafunika ardhi kwa miezi. Mti uliozaliwa huko ulijifunza kulala.

Jambo la pili la kushika ni kwamba mtufaa hauzai mfano wake. Ukipanda mbegu tano za tufaa moja, unapata miti mitano tofauti, kama watoto wa tumbo moja. Mwingi wao huzaa matunda madogo, makali au yasiyo na ladha. Ndiyo maana tangu zamani sana watu wakipata mti mzuri hukata kikonyo chake na kukibebesha kwenye shina la mti mwingine. Kila mti wa aina fulani ya tufaa, popote ulipo duniani, ni kipande cha mti mmoja wa kwanza.

Sasa tumtafute huyo mti wa kwanza wa epo la kijani.

Bibi Smith na maganda kando ya kijito

Maria Ann Sherwood alizaliwa mwaka 1799 katika kijiji cha Peasmarsh, kusini mwa Uingereza. Aliolewa na Thomas Smith, kibarua wa mashambani. Mwaka 1838 wakapanda meli na watoto wao kwenda New South Wales, Australia, walikohitajika watu wenye ujuzi wa shamba. Miaka ya 1850 walinunua ekari 24 hivi eneo la Eastwood, ambalo leo ni mtaa wa jiji la Sydney, wakapanda matunda ya kuuza mjini.

Kisa cha tufaa lenyewe kiliandikwa gazetini mwaka 1924, kutokana na wazee waliomfahamu bibi huyo. Mmoja wao alikumbuka kwamba mwaka 1868, akiwa mvulana wa miaka 12, alikwenda na baba yake shambani kwa Bibi Smith. Bibi aliwaita waone mche uliojiotea kando ya kijito. Alieleza kuwa pale alikuwa ametupa mabaki ya matufaa aliyoyapata sokoni Sydney, yaliyotoka Tasmania. Mbegu moja kati ya hizo takataka ikaota, na ikazaa tunda la kijani, chachu, gumu, zuri kupikia na zuri kulila.

Bibi Smith alifariki Machi 1870, hata miaka miwili haijaisha. Hakuona chochote cha umaarufu wa tunda lake. Jirani mmoja aliendelea kubebesha vikonyo vya mti ule kwenye shamba lake. Mwaka 1891 tunda hilo likashinda zawadi kwenye maonyesho ya kilimo ya Castle Hill kwa jina la mche wa Granny Smith, yaani mche wa Bibi Smith. Mwaka 1895 idara ya kilimo ya New South Wales ikaliweka kwenye orodha ya matufaa yanayofaa kusafirishwa nje. Miaka 100 kamili tangu bibi awaonyeshe jirani zake ule mche, mwaka 1968, The Beatles walifungua kampuni yao ya muziki na kuweka tufaa la Granny Smith kwenye nembo za santuri.

Ona bahati ilivyo nyembamba. Mbegu ile ingeota mita mbili pembeni, maji ya kijito yangeibeba. Na kama bibi angekuwa mtu wa kung'oa kila kinachojiotea, mimi nisingekuwa na cha kubeba kwenda Hombolo.

Kwa nini ni kijani, chachu, na haliozi?

Rangi nyekundu ya tufaa hutokana na kemikali ziitwazo anthosianini. Kwenye ngozi ya Granny Smith jeni inayowasha utengenezaji wake huwa karibu imezimwa, kwa hiyo klorofili ya kijani inabaki inaonekana hata tunda likikomaa. Uchachu wake ni wa asidi ya maliki, ambayo mkemia Carl Wilhelm Scheele aliitenga kutoka kwenye juisi ya matufaa mwaka 1785. Jina la asidi hiyo lenyewe limetokana na neno la Kilatini la tufaa.

Watu wa Dodoma hatuhitaji kufundishwa kupenda uchachu. Tumekua tukimung'unya ubuyu, ambao uchachu wake mkubwa ni asidi ya sitriki, na ukwaju, ambao una asidi ya tatariki. Epo la kijani limeingia mahali ambapo ulimi ulikuwa umeshaandaliwa. Chumvi na pilipili za mama mdogo ni ushahidi tosha.

Kuhusu kutooza, huko Ulaya na Amerika kuna kundi zima la matufaa yanayoitwa ya majira ya baridi. Si kwamba yanakua wakati wa baridi. Yanakomaa mwisho kabisa, yanachumwa magumu, yanawekwa ghalani na kuliwa miezi ya baridi wakati shambani hakuna kitu. Granny Smith ni mmoja wao. Kuanzia ua hadi kuchuma inaweza kuchukua karibu miezi sita, na tunda lina ngozi yenye nta na nyama iliyoshikamana.

Sayansi ikaongeza muda huo. Miaka ya 1920, Frank Kidd na Cyril West wa Cambridge waligundua kwamba tufaa lililochumwa bado linapumua, na ukilipunguzia oksijeni na kuongeza kabonidayoksaidi ndani ya ghala la baridi, linapumua polepole na linachelewa kuzeeka. Ghala la kwanza la biashara la namna hiyo lilifunguliwa Kent, Uingereza, mwaka 1929. Ndiyo maana tufaa la Afrika Kusini lililochumwa Aprili unaweza kulila Dodoma Desemba, limepita Tunduma kwenye lori la baridi, na bado linalia "kwa!" ukiling'ata.

Njia hiyo ndefu ina udhaifu wake. Aprili 2025, Tanzania ilipozuia mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi kutokana na mvutano wa kibiashara, matufaa yalikuwa miongoni mwa bidhaa zilizotajwa sana. Zuio halikudumu, lakini liliacha swali kwenye vichwa vya watu wengi: kwa nini tusilime wenyewe? Wauza miche nao walilisikia swali hilo.

Tawi lililotolewa nje ya kioo

Shuleni tulijibiwa kwa mstari mmoja: matufaa yanataka baridi. Sawa, lakini baridi ya nini? Mti wenyewe haukui wakati wa baridi!

Jibu zuri alilitoa Frederick Coville, mtaalamu wa mimea wa idara ya kilimo ya Marekani, mwaka 1920. Wakati huo wengi waliamini kwamba mti hulala kwa sababu ya baridi na huamka kwa sababu ya joto, basi. Coville alikuwa akifanya kazi na vichaka vya bluberi. Vile alivyoviweka ndani ya nyumba ya kioo yenye joto wakati wote wa baridi havikuamka vizuri majira ya kuchipua yalipofika. Vilivyoteseka nje ndivyo vilivyochipua. Ili kumaliza ubishi alichukua kichaka kimoja kilichokuwa ndani, akapitisha tawi moja nje kupitia tundu kwenye kioo. Majira ya kuchipua yalipofika, tawi lililokuwa nje likajaa majani. Kichaka kilichobaki ndani, kwenye joto na raha zote, kikaendelea kulala. Mti mmoja, mizizi ile ile.

Maana yake ni kwamba kila tumba, yaani kila jicho la tawi, lina saa yake. Linahesabu baridi. Likishapata ya kutosha, ndipo linakubali kuamshwa na joto. Ni ulinzi: mti wa Tian Shan ukidanganywa na siku tatu za jua katikati ya majira ya baridi ukachanua, theluji inayofuata itaua maua yote. Watafiti baadaye wakaanza kuhesabu saa za baridi, yaani saa ambazo joto limeshuka chini ya nyuzi 7 hivi. Granny Smith kwa kawaida hutajwa kuhitaji saa 400 au zaidi.

Sasa tuilete hesabu hiyo Hombolo. Tupo kama mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai, ule tunaowasha moto na kujifunika mashuka mawili, kipimajoto hushuka hadi nyuzi 13 au 14 kwa wastani. Saa za chini ya nyuzi 7 ni karibu na sifuri. Kwa hesabu hii mtufaa wa Bibi Smith ukipandwa Hombolo utakuwa kama mtu aliyekoseshwa usingizi: macho ya ncha yanachipua, ya pembeni yanabaki yamefumba, maua mawili hapa, matatu pale, matawi marefu yaliyo uchi.

Ningeishia hapo, jibu la mama mdogo lingekuwa rahisi. Lakini historia ina watu ambao hawakukubali hesabu hii.

Waliopanda mlima

Njia ya kwanza ya kupata baridi kwenye nchi za joto ni kuifuata iliko. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Wajerumani walilijua hilo. Mwishoni mwa karne ya 19 walifungua kituo cha majaribio ya kilimo Kwai, Usambara Magharibi, kujaribu mazao na mifugo ya Ulaya. Leo Lushoto bado ni jina la kwanza linalokuja kichwani ukitaja peasi, plamu na matufaa ya Tanzania. Nyanda za Juu Kusini, hasa Njombe na Makete, ambako Juni na Julai umande huganda asubuhi, kilimo cha matufaa kimeshika kasi miaka ya karibuni. Uganda nao walipeleka matufaa kwenye vilima vya Kabale.

Lakini hata huko juu, aina nyingi zilizofanikiwa hazikuwa Granny Smith. Nyingine ni matokeo ya njia ya pili: kutafuta mti usiolala sana. Kule Israel, kwenye kijiji cha Ein Shemer, mkulima aitwaye Abba Stein alichanganya aina mbalimbali hadi akapata tufaa liitwalo Anna, linaloridhika na saa 200 hadi 300 za baridi. Visiwa vya Bahama vilitoa Dorsett Golden, nalo la namna hiyo. Ukiona mtufaa unaozaa vizuri Afrika Mashariki, uwezekano ni mkubwa kwamba ni Anna au ndugu zake. Anna ni jekundu-jekundu, tamu, na halikai ghalani muda mrefu. Ni tunda zuri, ila si epo la kijani la stendi.

Waliotumia mikono

Njia ya tatu ndiyo iliyonifanya nimwombe mama mdogo wiki mbili.

Huko Java Mashariki, Indonesia, kuna mji unaitwa Batu, karibu na Malang. Upo nyuzi chache tu kusini mwa ikweta, na mashamba yake yapo kati ya mita 700 na 1,200. Yaani urefu ule ule wa Hombolo! Waholanzi walipeleka matufaa huko miaka ya 1930. Kwa hesabu ya saa za baridi, Batu isingetoa hata tunda moja. Lakini wakulima wake wamekuwa wakivuna matufaa mara mbili kwa mwaka, na moja ya aina zao maarufu, Manalagi, ni la kijani.

Wanafanyaje? Wiki chache baada ya kuvuna, wanang'oa majani yote ya mti kwa mikono. Yote. Wanainamisha matawi na kuyafunga kwa kamba. Baada ya muda mfupi mti unachipua na kuchanua kwa pamoja, kana kwamba majira ya baridi yamepita.

Siri ni hii. Usingizi wa tumba una ngazi. Mwanzoni tumba limetulia tu kwa sababu majani na ncha ya tawi vinalizuia kwa homoni. Hapo ni kama mtu aliyesinzia kwenye kiti, ukimgusa anaamka. Usingizi mzito, ule unaodai saa za baridi, huja baadaye. Na mwaka 2005 watafiti wa Norway, Heide na Prestrud, walionyesha kwamba kinachoutia mtufaa usingizi huo mzito si ufupi wa siku kama ilivyo kwa miti mingine mingi. Ni baridi yenyewe, ikishuka kwenye nyuzi 12 hivi na chini ya hapo. Kwa hiyo mahali ambapo baridi ya kutosha haiji, mkulima mwepesi anaweza kuligusa tumba kabla halijazama. Mkulima wa Batu haamshi mti uliolala. Anauwahi kabla haujalala.

Sasa nikuulize wewe uliyewahi kukaa Dodoma: hujawahi kuona kitu kama hicho?

Mzabibu nao ni mti wa nchi zenye baridi. Ulaya huvunwa mara moja kwa mwaka. Ulifika Dodoma katika karne iliyopita kupitia wamisionari wa Kikatoliki, Bihawana likiwa ndilo jina linalotajwa zaidi, halafu ukaenea hadi gereza la Isanga na mashamba ya wanavijiji. Hapa hakuna baridi ya kuupukutisha majani, kwa hiyo mkulima anafanya kazi ya baridi kwa mkasi. Anapogolea, mti unachipua upya, na baada ya miezi minne hivi anavuna. Halafu anapogolea tena. Mavuno mawili kwa mwaka: moja mwanzoni mwa mwaka hadi Machi au Aprili, jingine Agosti na Septemba. Kituo cha utafiti cha Makutupora kimejengwa juu ya kilimo hicho, aina ya zabibu nyekundu imebeba jina la Makutupora, na Hombolo yenyewe ina kiwanda cha mvinyo cha CETAWICO.

Kwa maneno mengine, mama mdogo ameshafanya kwa mzabibu kile ambacho mkulima wa Batu anafanya kwa mtufaa. Nilipomweleza alicheka. "Kumbe na sisi tunadanganya miti."

Basi kwa nini nisimwambie apande?

Kwa sababu kuzaa ni jambo moja, kuzaa epo lile la stendi ni jambo jingine.

Tuanze na maji. Dodoma hupata milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Batu hupata zaidi ya mara mbili ya hizo. Mti unaong'olewa majani na kulazimishwa kuzaa mara mbili unahitaji chakula na maji muda wote, na maji ya Hombolo yana wadai wengi.

La pili ni jua. Ngozi ya tufaa ikifika nyuzi 46 hadi 49, jambo ambalo ni rahisi kwa tunda lililo wazi kwenye siku ya nyuzi 32, huungua na kupata doa la kahawia. Granny Smith ni miongoni mwa aina zinazoungua kirahisi.

La tatu ni uchachu wenyewe. Tunda linapopumua huchoma asidi ya maliki kama kuni, na kadiri joto linavyozidi ndivyo linavyochoma haraka. Usiku wa baridi wa rasi ya Afrika Kusini huitunza asidi hiyo. Usiku wa Hombolo wa mwezi wa kumi na moja hauwezi. Hapa kuna kichekesho kidogo: rangi ya kijani haihitaji baridi, tofauti na matufaa mekundu ambayo huchujuka kwenye joto. Kwa hiyo unaweza kupata epo la Hombolo lenye rangi ya kijani ya kupendeza, laini na lililopooza mdomoni. Batu wenyewe sasa wanaumia. Joto limepanda, udongo umechoka, wadudu wameongezeka, na wakulima wengi wameng'oa mitufaa wakapanda machungwa.

Na la nne ni ile miche 12. Niliiinamia nikaichunguza shina moja baada ya jingine, nikitafuta kovu la kubebesha, ule uvimbe mdogo karibu na udongo ambapo kikonyo kimeunganishwa na shina la chini. Sikuona kovu hata moja. Ile ilikuwa miche ya mbegu. Mtu alikula maepo, akaotesha mbegu, akaiuza kwa jina la Bibi Smith. Pengine hata yeye hakujua tofauti. Lakini umeshaona: mbegu ya Granny Smith si Granny Smith. Ni mtoto wake, na mtoto huyo anaweza kuchukua miaka 6 au 8 kabla hajakuonyesha tunda lake la kwanza. Mama mdogo angeng'oa mizabibu inayozaa leo, asubiri miaka yote hiyo, apate tunda lisilojulikana.

Nilirudi Hombolo nikamwambia hayo yote, kwa maneno machache kuliko haya. Fedha aliyotoa ilimuuma, na sikuwa na cha kumfariji. Kuhusu mizabibu nilimwambia aiache. Tatizo lake si mti, mti ule watu wa Dodoma wameshaumudu. Tatizo ni mnunuzi, na hilo halitatuliwi kwa kubadilisha mti, maana hata tufaa litamtaka huyo huyo mnunuzi, pamoja na ghala la baridi ambalo hatuna.

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Na hii mingine niifanyeje, niitupe?"

Tulikubaliana hivi. Miche mitatu ataipanda karibu na bafu, inywe maji ya kuogea, ndani ya kivuli cha mwarobaini. Nikipata vikonyo vya Anna kutoka kwa mkulima wa Lushoto nitakuja kuibebesha, na tutaijaribu njia ya Batu ya kung'oa majani. Iliyobaki amewagawia majirani, akiwaeleza wazi kwamba ni ya mbegu na kwamba wasing'oe kitu kwa ajili yake.

Mmoja wa majirani hao ni bibi wa makamo ya juu, ana bustani kandokando ya korongo linaloelekea bwawani. Alichukua mche wake akauliza, "Kwa hiyo hakuna anayejua utazaa nini?"

"Hakuna, bibi."

"Haya. Tutauona."